Mgeni na Hodi: Watalii wa Shanta katika Nyumba za Ibada za Nairobi, Kutoka Barabara ya Banda hadi Gatina

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mgeni ni kuku mweupe. Kuku mweupe hajifichi. Apitapo, kila jicho humwona. Kwa hiyo methali hii hutumiwa kumtahadharisha mgeni achunge mwenendo wake, maana wenyeji wanamtazama. Katika utalii wa siku hizi, hata hivyo, mambo yamegeuka. Mgeni ndiye anayetazama, tena kwa kamera, na mwenyeji ndiye anayetazamwa. Mgeuko huu hudhihirika zaidi pale mtalii anapoingia mahali ambapo mwenyeji amefumba macho, yaani mahali pa ibada.

Chukua mfano wa vijana wawili, mume na mke, wanaosafiri ulimwenguni wakiwa na shanta mgongoni na fedha chache mfukoni. Kabla ya kufika Nairobi walipitia Bangkok, mji mkuu wa Thailand, na huko walitembea kutwa nzima kutoka hekalu moja hadi jingine. Walivua viatu bila kuambiwa mara mbili. Walifunika mabega na magoti. Walinyamaza watawa walipopita. Sasa wamefika Nairobi, nao wanauliza: mahekalu ya hapa yako wapi? Je, watakapoonyeshwa, wataingia kwa adabu ile ile? Na je, adabu hiyo itawafuata hadi Gatina, mtaa wa Kawangware ambao nyumba zake za ibada ni za mabati na hazimo katika kitabu chochote cha watalii?

Makala haya yanadhamiria kujibu maswali hayo. Kwanza, yatafafanua maneno mawili ambayo ndiyo msingi wa mada, 'mtalii' na 'hekalu'. Pili, yatagusia chimbuko la utalii wa shanta. Tatu, yatazuru baadhi ya nyumba za ibada za Nairobi na nje yake ambazo hupokea wageni, na kueleza sababu za masharti yake. Nne, yatamulika Kibera na Gatina, ambako masharti hayajaandikwa ukutani. Hatimaye, yatapendekeza namna ambavyo utamaduni wa Waswahili wa kubisha hodi unaweza kuutatua mgogoro uliopo.

Maana ya 'mtalii' na 'hekalu'

Neno 'mtalii' limetokana na kitenzi 'talii', ambacho asili yake ni Kiarabu. Katika Kiarabu, kitenzi hicho kina maana ya kusoma kwa makini, kudurusu au kuchungua jambo. Hata katika Kiswahili, 'kutalii' kulikuwa na bado kuna maana ya kuchunguza ili kujua, kabla ya kupata maana iliyoenea leo ya kuzuru nchi au mahali kwa ajili ya starehe na kujionea mambo. Kwa mujibu wa asili ya neno, basi, mtalii ni msomaji. Aliyesafiri maelfu ya kilomita akarudi na picha mia tatu ambazo hawezi kueleza hata moja, huyo amesafiri lakini hajatalii.

Neno la pili, 'hekalu', lina safari ndefu zaidi. Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, lakini mzizi wake unafuatiliwa kupitia Kiebrania na Kiakadi hadi lugha kongwe ya Kisumeri, ambako maana yake ilikuwa 'nyumba kubwa', yaani jumba la mfalme. Dhana ya ukubwa imo ndani ya neno lenyewe. Linganisha na maneno mengine mawili. 'Msikiti' linatokana na mzizi wa Kiarabu ambao pia umetupa neno 'sujudu'. Msikiti ni mahali pa kusujudia. 'Kanisa' nalo linatokana na mzizi wenye maana ya kukusanya au kukusanyika. Kanisa ni mahali watu wanapokutanika. Maneno haya mawili hayasemi lolote kuhusu ukubwa wa jengo. Yanasema kinachofanywa na watu walio ndani.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Kitabu cha mwongozo wa watalii hutafuta 'nyumba kubwa': kuba, mnara, nguzo za mawe, umri wa miaka mia. Muumini hutafuta mahali pa kusujudia na pa kukutanika. Iwapo mtalii atafuata maana ya kwanza peke yake, atavua viatu mbele ya jengo kubwa na kuliingia jengo dogo na viatu vyake.

Chimbuko la utalii wa shanta

Desturi ya vijana kusafiri kwa gharama ndogo kutoka Ulaya hadi Asia ilishamiri katika miaka ya 1960 na 1970. Wengi walipita nchi kavu, wakivuka Uturuki, Irani na Afghanistan hadi India na Nepal. Mwaka 1972, mume na mke waitwao Tony na Maureen Wheeler walisafiri kwa njia hiyo kutoka London hadi Australia. Mwaka uliofuata walichapisha kijitabu cha kuwaelekeza wengine namna ya kuvuka Asia kwa bei nafuu, na hicho kikawa mwanzo wa kampuni ya vitabu vya mwongozo ya Lonely Planet. Kitabu chao kuhusu Asia ya Kusini-Mashariki kilitoka mwaka 1975. Tangu hapo, taswira ya vijana wawili wenye shanta wakizunguka mahekalu ya mji wenye msongamano imekuwa ya kawaida.

Bangkok inafaa sana kwa safari ya aina hiyo. Mji huo ulifanywa makao makuu ya ufalme mwaka 1782, na mahekalu yake makuu yamekaribiana kando ya mto Chao Phraya. Katika hekalu la Wat Pho imo sanamu ya Buddha aliyelala, yenye urefu wa mita 46. Karibu nalo, ndani ya kasri la mfalme, limo hekalu la Wat Phra Kaew, ambako mgeni aliyevaa kaptura au shati lisilo na mikono hurudishwa langoni. Mgeni hufundishwa pia asielekeze nyayo zake kwa sanamu, kwani katika utamaduni wa Kithai mguu ni sehemu duni ya mwili na kichwa ni sehemu tukufu. Mambo haya yote yameandikwa kwenye mabango, tena kwa lugha za wageni, na wapo walinzi wa kuyasimamia. Mtalii hutii. Swali ni kama hutii kwa sababu ameheshimu au kwa sababu pana mlinzi.

Nyumba za ibada zenye malango

Nairobi si mji mkongwe. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapo mwaka 1899, na mji ukazaliwa kandokando ya kituo. Kwa sababu hiyo nyumba zake kuu za ibada ni kama kitabu cha historia ya watu waliokuja na reli au waliofuata nyuma yake.

Katika Barabara ya Banda, mkabala na Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931, umesimama Msikiti wa Jamia. Msikiti wa kwanza mahali hapo ulianzishwa mwaka 1902, na jengo linaloonekana leo, lenye kuba tatu na minara miwili, lilijengwa kati ya miaka ya 1925 na 1933. Mtalii asiye Mwislamu anayetaka kuingia sharti aombe ruhusa kwa wahusika, avue viatu, avae mavazi ya stara, na mwanamke afunike kichwa. Nyakati za sala, hasa adhuhuri ya Ijumaa, si nyakati za matembezi. Sababu yake inaeleweka kwa urahisi mtu akikumbuka maana ya msikiti. Zulia la msikitini ni mahali ambapo paji la uso litagusa. Ndiyo maana kiatu kilichokanyaga barabara hakifai hapo.

Wahindi nao wana historia yao. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli. Wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Takriban 6,700 walibaki. Wafanyabiashara na mafundi wengi zaidi walikuja kwa nauli zao wenyewe. Jamii hizi zilijenga mahekalu ya Kihindu, ya Kijaini na ya Kisingasinga katika miji yote iliyofuata reli. Linalovutia watalii wengi Nairobi ni hekalu la Swaminarayan lililoko katika barabara iliyokuwa ikiitwa Forest, ambayo sasa ni Barabara ya Profesa Wangari Maathai. Lilifunguliwa mwaka 1999 na kiongozi wa dhehebu hilo, Pramukh Swami Maharaj. Mawe yake ya rangi ya manjano yalitoka Jaisalmer katika jimbo la Rajasthan. Yalichongwa huko India, yakasafirishwa kwa meli hadi Mombasa, kisha yakaunganishwa Nairobi.

Mgeni anayefika hapo saa za adhuhuri huweza kukuta sehemu takatifu imefungwa, akadhani ni uzembe wa watumishi. Sivyo. Katika imani hiyo, sanamu iliyowekwa wakfu hutunzwa kama aliye hai. Asubuhi huamshwa, huvishwa, hutiliwa chakula, adhuhuri huachwa ipumzike, jioni huimbiwa. Kumwona Mungu kupitia sanamu hiyo, na kuonwa naye, ndiyo ibada yenyewe. Basi pazia linapofungwa, mtalii hajanyimwa onyesho. Amekuta mwenye nyumba amepumzika. Akilielewa hilo, ataelewa pia kwa nini hakuna ruhusa ya kupiga picha kiholela ndani.

Mfano wa kuigwa zaidi, hata hivyo, hauko Nairobi bali Makindu, kwenye barabara kuu ya kwenda Mombasa. Hekalu la Masingasinga la hapo lilijengwa mwaka 1926, wakati Makindu ikiwa kituo muhimu cha reli chenye wafanyakazi wengi wa dini hiyo. Hadi leo msafiri yeyote, wa dini yoyote na wa rangi yoyote, huingia humo akala chakula bila malipo, na anaweza kupewa mahali pa kulala. Watalii wa shanta wanalijua hekalu hilo vizuri, na pengine baadhi yao huvutiwa na neno 'bure' kuliko na jambo lingine. Lakini chakula hicho, kiitwacho langar, ni fundisho. Desturi hiyo inatokana na Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Kisingasinga aliyeishi kati ya mwaka 1469 na 1539. Tajiri na maskini, wa tabaka la juu na la chini, hukaa pamoja na kula chakula kimoja. Waumini hupika, hugawa na kuosha vyombo kwa kujitolea, na utumishi huo huhesabiwa kuwa ibada.

Hapa mtalii hawezi kubaki mtazamaji. Amefunika kichwa, amevua viatu, amekaa, amelishwa. Akitaka kuondoka na heshima yake, atachukua sahani na kuiosha. Ndiyo maana halisi ya methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: jembe si adhabu kwa mgeni, bali ni njia ya kumwingiza katika jamii ya wenyeji.

Kibera: pale mwenyeji alipogeuzwa kivutio

Kutoka katikati ya jiji, kilomita chache kuelekea kusini-magharibi, ipo Kibera. Jina lenyewe linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi, ambao asili yao ni Sudan, walikuwa askari wa jeshi la Waingereza, na mwanzoni mwa karne ya ishirini walipewa makazi katika msitu huo. Ni Waislamu, na misikiti yao, ukiwemo wa Makina, ni miongoni mwa alama za kale zaidi za ibada katika eneo hilo. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja hawakuwa na hati ya ardhi. Walipewa hati ya ekari 288 mwaka 2017.

Mtalii anayeletwa Kibera ni nadra kusimuliwa historia hiyo. Aghalabu huambiwa jambo moja tu: kwamba hapa ndipo mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote barani Afrika, wenye watu milioni moja au zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu wapatao 170,000. Idadi hiyo imezua mjadala, lakini hata aipingaye hana budi kukubali kuwa ile milioni ilirudiwa bila kuhesabiwa.

Ziara za Kibera zilipata umaarufu katika muongo wa kwanza wa karne hii. Filamu ya The Constant Gardener, iliyotolewa mwaka 2005, ilipigwa sehemu yake huko. Barack Obama alizuru mwaka 2006 alipokuwa seneta. Januari 2007 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Kongamano la Kijamii la Ulimwengu, na wajumbe wengi walitaka kuiona Kibera. Kadiri wageni walivyoongezeka, ndivyo ubishi ulivyokua. Watetezi wa ziara walidai kuwa zinawapa vijana kazi ya kuongoza wageni na kuwapatia mafundi wa shanga na mifupa soko. Wapinzani walidai kuwa umaskini umegeuzwa bidhaa. Agosti 2010, Kennedy Odede, aliyelelewa Kibera na kuanzisha shirika la Shining Hope for Communities, aliandika katika gazeti la New York Times kuhusu siku alipopigwa picha na mgeni akiwa na umri wa miaka 16, akiosha vyombo nje ya nyumba yao, akiwa na njaa. Hoja yake ilikuwa wazi: mgeni aliondoka na picha, naye akaachwa amepungukiwa heshima.

Tukio hilo linafundisha jambo moja muhimu kwa mada hii. Mwenye kuosha vyombo mbele ya mlango wake yuko nyumbani kwake. Lakini kwa kuwa mlango huo unafungukia njia ya watu wote, mgeni alidhani amekutana naye barabarani.

Gatina: ibada isiyo na lango

Gatina ni sehemu ya Kawangware, magharibi mwa Nairobi. Kwa mgawanyo wa sasa ni kata mojawapo ya eneo bunge la Dagoretti Kaskazini, pamoja na Kilimani, Kawangware, Kileleshwa na Kabiro. Eneo bunge moja, basi, lina majumba ya ghorofa yenye walinzi na mabwawa ya kuogelea, na lina vyumba vya mabati ambavyo familia nzima hulala chumba kimoja. Mtalii aliyepanga chumba Kilimani anaweza kufika Gatina kwa matatu ya nambari 46 bila kuvuka mpaka wowote wa uchaguzi.

Wakazi wa Gatina wametoka pande nyingi za Kenya: Waluhya, Wakikuyu, Wajaluo, Wakisii, Wakamba na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni na mlangoni. Kila jamii ilipohamia mjini ilikuja na ibada yake. Jumapili asubuhi mtaa husikika kabla haujaonekana. Ngoma hulia upande huu, kinanda upande ule, na vipaza sauti vya makanisa jirani hushindania hewa moja. Jengo la mabati lililokuwa darasa la chekechea Ijumaa huwa kanisa Jumapili. Viti vya plastiki hupangwa, kitambaa cheupe hutandikwa juu ya meza, na meza huwa madhabahu. Hili si hekalu kwa maana ya nyumba kubwa. Ni kanisa kwa maana kamili ya neno: mahali watu wamekutanika.

Kwa nini nyumba hizi hazina malango wala mabango? Sababu kubwa ni ardhi. Kanisa dogo la mtaani hupanga kiwanja au chumba, na hati si yake. Hakuna ajengaye lango la chuma mahali ambapo huenda akahamishwa mwezi ujao. Isitoshe, watu wote wa hapo wanajuana, na bango la kumwambia jirani avue viatu halihitajiki. Kutokuwepo kwa bango, hata hivyo, si kutokuwepo kwa sharti.

Zingatia mifano mitatu ya madhehebu yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe nchini Kenya na ambayo waumini wake wameenea hadi mitaa ya Nairobi. Wa kwanza ni Waakorino, walioibuka miongoni mwa Wakikuyu katika miaka ya 1920. Hujulikana kwa vilemba vyao vyeupe, ngoma na unabii. Wa pili ni waumini wa African Israel Church Nineveh, lililoanzishwa mwaka 1942 na Zakayo Kivuli magharibi mwa Kenya, ambao hutembea barabarani kwa msafara, wakiwa na kanzu nyeupe, bendera na ngoma. Wa tatu ni Legio Maria, waliojitenga na Kanisa Katoliki huko Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto. Legio Maria husali pekupeku, na Waakorino vilevile huvua viatu wanaposali.

Hapa ndipo penye fumbo. Vijana wawili wa shanta walivua viatu Wat Pho bila kulalamika. Wakafika Barabara ya Banda, wakavua. Lakini mbele ya mlango wa mabati, penye safu ya viatu vilivyovuliwa na waumini, huenda wakasimama na viatu vyao, wakainua kamera, na kumpiga picha mama aliyejaa maombi, macho yamefumbwa na machozi yakimtiririka. Mama huyo hataiona picha hiyo kamwe. Huenda itaonekana na watu elfu kumi asiowajua, nchi asizozijua, chini ya maneno asiyoyaandika.

Kilemba kile cheupe nacho kina historia ambayo kamera haiisomi. Februari 1934, katika msitu wa Ndarugu, polisi wa kikoloni waliwapiga risasi na kuwaua watu watatu wa kundi hilo la manabii, akiwemo kiongozi wao Joseph Ng'ang'a. Kwa serikali ya wakati huo, waliovaa vilemba na kusali msituni walikuwa watu wa kushukiwa. Mtalii anayeona kilemba akaona rangi tu, amekosa kurasa zote za kitabu akaridhika na jalada.

Hodi kama sheria na kama adabu

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda heshima ya kila binadamu katika kifungu cha 28, faragha katika kifungu cha 31, na uhuru wa dini na imani katika kifungu cha 32. Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa mwaka 2019. Vifungu hivyo havibagui kati ya anayeabudu chini ya kuba na anayeabudu chini ya mabati. Hata hivyo, ni vigumu kufikiri kuwa muumini wa Gatina atamfuata mahakamani mgeni aliyekwisha kupanda ndege. Sheria pekee haitoshi. Inahitajika adabu inayoitangulia.

Adabu hiyo ipo tayari katika utamaduni wa Waswahili. Ni hodi. Afikaye kwenye nyumba ya mtu husimama nje na kubisha hodi. Akijibiwa 'karibu', huingia. Akibisha mara tatu asijibiwe, hurudi alikotoka bila kinyongo wala kuchungulia dirishani. Uzito wa desturi hii uko katika jambo moja: aliye ndani ana uwezo wa kukataa, au hata wa kunyamaza tu, na ukimya wake ukaheshimiwa. Hodi haimhitaji mwenyeji kuwa na lango. Hubishwa kwa mdomo, hata mbele ya pazia.

Kwa mintarafu ya utalii wa nyumba za ibada, hodi inaweza kutekelezwa hivi. Mosi, mgeni afike kabla ya ibada kuanza, amtafute mchungaji, imamu au mzee wa kanisa, na aeleze nia yake. Pili, aulize masharti ya mahali hapo badala ya kukisia. Asemaye ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho hakukosea. Tatu, kamera ikae ndani ya shanta mpaka ruhusa itolewe na yule atakayepigwa picha, si na kiongozi wa ziara. Ruhusa ya mchungaji kuhusu jengo si ruhusa ya mama kuhusu uso wake. Nne, watoto wasipigwe picha bila idhini ya wazazi. Tano, sadaka itolewe kwenye kikapu kama watoavyo wengine, isigawanywe mlangoni kama ujira wa onyesho.

Jukumu hili haliwezi kuachiwa mgeni peke yake. Kiongozi wa watalii ndiye daraja, na daraja hili linahitaji lugha. Viongozi wengi hufunzwa majina ya ndege na wanyama. Ni wachache wanaofunzwa kueleza kwa nini Waakorino huvaa kilemba au kwa nini pazia la Swaminarayan hufungwa adhuhuri. Hapa pana nafasi kwa wanafunzi wa Kiswahili. Wao wamesomea isimu jamii, fasihi simulizi na tafsiri. Wanaweza kuandika miongozo sahihi na kumfundisha mgeni maneno machache yenye faida kuliko lile 'jambo' la hotelini. Maneno 'hodi', 'naomba ruhusa' na 'samahani' yatamfikisha mgeni mbali kuliko kamera yoyote.

Wapo watakaouliza kama si bora kuwakataza watalii kabisa wasifike Gatina. Jibu ni kwamba katazo hilo pia lingetolewa na watu wasio wa Gatina. Wakazi wa mtaa huo si watoto wa kufichwa wasionekane. Wanachostahili ni kile ambacho msikiti wa Barabara ya Banda na hekalu la Swaminarayan tayari wanacho: uwezo wa kusema ndiyo, hapana, au rudi kesho.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa adabu ya mtalii aghalabu hufuata ukubwa wa jengo na uwepo wa mlinzi, si utakatifu wa mahali. Yameonyesha pia kuwa nyumba za ibada za mabati zina masharti sawa na yale ya mahekalu mashuhuri ya Bangkok na Nairobi, hadi kwenye suala la kuvua viatu. Kinachokosekana ni bango tu. Na yamependekeza kuwa hodi, desturi isiyogharimu chochote, ndiyo kiungo kinachohitajika.

Wale vijana wawili wa shanta wakibisha hodi katika kanisa la Gatina, yaelekea watakaribishwa. Watapewa viti vya mbele, pengine baada ya mtu kuinuka ili kuwapisha. Kisha, kabla ya mahubiri, litatolewa tangazo linalojulikana katika makanisa mengi ya Kenya: wageni wasimame. Watasimama, wataje majina yao, waseme walikotoka na waliotuma salamu, nao waumini watawapigia makofi. Kwa muda huo mfupi kila jicho litakuwa kwao. Kuku mweupe atakuwa ameonekana, na mwenyeji atakuwa amerudishiwa macho yake.